Kichwa cha Mtoto Tumboni na Njia ya Kutoka Mwanda

Wadi ya Mwanda/Mgange iko juu katika milima ya Taita, ndani ya eneo bunge la Wundanyi, na mama mjamzito wa huko anayetumwa kupigwa picha ya tumbo katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi mjini Voi hushuka kwa njia ya Wundanyi na Mwatate, akitoka kwenye baridi na ukungu hadi kwenye joto la nyika, safari ambayo yaweza kumla siku nzima hata kama kipimo chenyewe hakizidi nusu saa. Hurudi na karatasi yenye herufi BPD, HC, AC na FL, tarehe ya makadirio ya kujifungua, na mara nyingi jambo moja tu ambalo nyumbani wanalisubiri, yaani kama mtoto ni wa kiume au wa kike. Herufi za BPD humaanisha upana wa kichwa kutoka mfupa wa upande mmoja hadi wa pili, na HC mzingo wa kichwa; AC ni mzingo wa tumbo, na FL ni urefu wa mfupa wa paja. Katika vipimo hivyo vinne, viwili ni vya kichwa, na ndani ya kichwa hicho mna mambo mengi ambayo karatasi haiyataji, mengine kwa sababu hayana kasoro, mengine kwa sababu hayakutazamwa, na mengine kwa sababu mama alifika wakati mfupa ulikwisha kuyafunika.

Picha hiyo hupigwa kwa altrasaundi, yaani sauti yenye mtikisiko wa juu kupita uwezo wa sikio la binadamu, na mashine za wajawazito hutumia mitikisiko inayokaribia milioni 2 hadi milioni 5 kwa sekunde. Probu, yaani kile kifaa cha mkononi kinachopitishwa juu ya tumbo lililopakwa jeli ili kusiwe na hewa kati yake na ngozi, hutuma mawimbi hayo na kuupokea mwangwi wake, kisha mashine, ikichukulia kwamba sauti husafiri mwilini kwa mwendo wa takriban mita 1,540 kwa sekunde, hukokotoa umbali wa kila kitu kilichourudisha mwangwi huo. Maji hayarudishi mwangwi na huonekana meusi kwenye kioo, tishu laini huonekana za kijivu, na mfupa hung'aa mweupe. Hakuna mionzi ya eksirei inayotumika, na ndiyo sababu kipimo kinaweza kurudiwa pale daktari anapoona haja.

Mbinu hii ilianzia kiwandani. Ian Donald, profesa wa ukunga katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alikwenda mwaka 1955 kwenye kiwanda cha Babcock & Wilcox kilichoko Renfrew, ambako mafundi walitumia sauti kutafuta nyufa ndani ya vyuma, akajaribu kifaa chao juu ya vivimbe vilivyokuwa vimetolewa kwa upasuaji; tarehe 7 Juni 1958 yeye na daktari mwenzake John MacVicar, pamoja na mhandisi Tom Brown, wakachapisha matokeo ya kwanza katika jarida la The Lancet. Kichwa ndicho kiungo cha mtoto kilichopimwa kwanza, kwa sababu ya wazi kwamba fuvu hurudisha mwangwi mkali ambao hata mashine hafifu za siku hizo ziliweza kuunasa. Mwaka 1968 daktari Stuart Campbell aliboresha namna ya kuupata upana wa kichwa, na mwaka 1972 yeye na wenzake wakaeleza jinsi walivyoutambua kwa altrasaundi, mimba ikiwa na wiki 17, ukosefu wa fuvu na sehemu kubwa ya ubongo, hali iitwayo anensefali. Hapo picha iliacha kuwa ya kupima ukubwa tu, ikaanza kutumika kutambua kasoro.

Leo anayekagua ubongo wa mtoto aliye tumboni hutafuta mikato mitatu inayopita kichwani kwa mlalo, mmoja chini ya mwingine. Mkato wa juu hupita kwenye vyumba vya maji vya ubongo, yaani nafasi mbili za pembeni zinazobeba maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo, na ndani ya kila chumba huonekana kishada cheupe cha mishipa kinachotengeneza maji hayo, kiitwacho koroidi. Mkato wa pili hupita kwenye thalamasi, jozi ya viini vya kijivu vilivyo katikati ya ubongo, na hapo ndipo BPD na HC hupimwa. Mkato wa tatu huinamishwa kuelekea kisogoni ili kuionyesha serebelamu, yaani ubongo mdogo unaosimamia mizani na ulinganifu wa miendo, pamoja na birika la maji lililo nyuma yake, ambalo kina chake cha kawaida ni kati ya milimita 2 na 10. Mbele, katika mikato yote hiyo, hutafutwa kisanduku kidogo cha maji kiitwacho kavumu septi pelusidi, ambacho huonekana kuanzia wiki ya 17 hivi hadi ya 37. Kisipoonekana katika kipindi hicho, mtaalamu hupata shaka kuhusu korpasi kalosamu, daraja la nyuzi za neva linalounganisha nusu mbili za ubongo. Serebelamu nayo ina tabia moja inayowafaa sana wanaofanya kazi mbali na miji, kwamba katika sehemu ya kati ya mimba upana wake kwa milimita hukaribiana na idadi ya wiki za mimba, hivyo milimita 20 huashiria takriban wiki 20.

Fuvu lililomsaidia Donald ndilo linalomtatiza anayetaka kuona ndani. Mfupa wa upande ulio karibu na probu hutawanya sauti na kurudisha mwangwi unaojirudia, kiasi kwamba nusu ya ubongo iliyo upande huo hufunikwa na ukungu mweupe, na kwa kawaida mpimaji huikagua vizuri nusu ya mbali, kisha huchukulia kwamba ya karibu inafanana nayo mpaka aipate kwa pembe nyingine. Jambo hili halisemwi mara nyingi kwa wanaopimwa, ingawa linaeleza kwa nini mpimaji makini humwomba mama ageuke, atembee kidogo, au arudi siku nyingine. Kadiri wiki zinavyosonga mfupa huwa mgumu zaidi, kichwa hushuka kwenye nyonga, na nafasi ya kuchungulia hupungua. Kabla ya wiki ya 18, kwa upande mwingine, sehemu nyingi za ubongo hazijakamilika, hata daraja la korpasi kalosamu. Ndiyo maana kipindi cha wiki ya 18 hadi ya 22 ndicho kilichochaguliwa na wataalamu wengi kwa ukaguzi wa viungo, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 kuhusu huduma za wajawazito, lilipendekeza kila mama apate kipimo kimoja cha altrasaundi kabla ya wiki ya 24.

Uzito wa wiki hauishii kwenye kuona vizuri, kwa maana kuna tatizo la hesabu ambalo humkabili kila mpimaji anayempokea mama aliyechelewa. Umri wa mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na mama asiyeikumbuka siku hiyo hukadiriwa umri kwa ukubwa wa mtoto. Katika miezi mitatu ya kwanza, urefu wa mtoto kutoka utosini hadi makalioni hutoa makadirio yanayokosea kwa siku chache tu. Katika miezi ya kati mzingo wa kichwa hutoa makadirio yanayokosea kwa wiki moja au zaidi kidogo. Katika miezi ya mwisho kosa hufikia wiki tatu hivi, mbele au nyuma. Sasa chukua mzingo wa kichwa wa sentimita 29. Kipimo hicho ni cha kawaida kabisa katika wiki ya 32, lakini katika wiki ya 37 ni kidogo kiasi cha kutia shaka ya maikrosefali, yaani kichwa kilichobaki kidogo kwa sababu ubongo haukukua. Mpimaji asiyejua wiki hawezi kuutumia mzingo huo kuutafuta umri, kisha akautumia umri alioupata kuuhukumu mzingo uleule, maana kichwa kidogo cha ugonjwa kitaandikwa kuwa mimba changa na hakuna atakayeshtuka. Kipimo kimoja kilichofanywa mapema, hata kwa mashine ya kawaida kabisa, humpa mpimaji wa baadaye msingi wa kusimamia.

Hoja hii ilipata sura ya dunia nzima mwaka 2015 na 2016, wakati virusi vya Zika vilipoenea Brazil na watoto wengi wakazaliwa na maikrosefali, ilhali virusi hivyo vilitambuliwa kwa mara ya kwanza Afrika Mashariki, mwaka 1947, katika msitu wa Zika karibu na Entebbe nchini Uganda. Katika mimba nyingi za aina hiyo kichwa huonekana cha kawaida kwenye ukaguzi wa katikati ya mimba na kupunguza kasi ya kukua baadaye, jambo ambalo hugunduliwa tu pale vipimo viwili vinapolinganishwa.

Swali la kichwa cha mtoto wa Taita kilinganishwe na kichwa cha nani lina jibu zuri kuliko ilivyokuwa zamani. Majedwali mengi yaliyomo ndani ya mashine yalitokana na wanawake wa Ulaya na Marekani, lakini mradi wa INTERGROWTH-21st, uliochapisha viwango vyake mwaka 2014, uliwafuatilia wanawake 4,321 wenye afya na lishe nzuri katika maeneo manane ya dunia, mojawapo likiwa Parklands jijini Nairobi na jingine Muscat nchini Oman, akipimwa kila mmoja takriban kila baada ya wiki tano tangu mwanzo wa mimba. Watafiti walihitimisha kwamba mama akiwa na afya njema na chakula cha kutosha, ukuaji wa mtoto tumboni hufanana sana kutoka nchi moja hadi nyingine. Hitimisho hilo limepingwa na baadhi ya wataalamu, na majedwali ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2017, yaliyojumuisha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yalionyesha tofauti fulani kati ya nchi. Hata hivyo, kwa kliniki ya mlimani, kujua jedwali lililotumika na kuendelea na lilo hilo katika kila kipimo ni muhimu kuliko mabishano yenyewe.

Pengine jambo la kushangaza zaidi katika taaluma hii ni kwamba kichwa huweza kueleza habari za mgongo. Mgongo wazi ni kasoro ambayo pingili za uti wa mgongo hazikujifunga na neva zikabaki nje au chini ya utando mwembamba, na kidonda chenyewe kinaweza kuwa kidogo, kikafichwa na mtoto aliyelalia mgongo wake. Mwaka 1986 Kypros Nicolaides, Stuart Campbell na wenzao walieleza dalili mbili zinazoonekana kichwani kwa watoto hao: mifupa ya paji la uso hubonyea pande zote mbili na kulifanya fuvu lionekane kama limau, na serebelamu, kwa kuwa sehemu ya nyuma ya ubongo imevutwa kuelekea shingoni, hujikunja kama ndizi huku birika la maji nyuma yake likitoweka. Madaktari huziita hadi leo ishara ya limau na ishara ya ndizi. Ishara ya limau hufifia baada ya wiki ya 24 na huweza kuonekana hata kwa watoto wachache wasio na kasoro, hivyo ya ndizi huaminiwa zaidi. Lakini zote mbili zina faida moja, kwamba mpimaji asiyeufikia mgongo anaweza kupata onyo kwa kukitazama kisogo, mradi amefundishwa kukitazama.

Dalili nyingine inayotafutwa ni kupanuka kwa vyumba vya maji. Mwaka 1988 mtafiti Cardoza na wenzake walionyesha kwamba upana wa chumba, ukipimwa mahali pamoja palipokubaliwa, haubadiliki sana katika miezi ya kati na ya mwisho, wastani wake ukiwa milimita 7.6, na kutoka hapo ukapatikana mpaka wa milimita 10 unaotumika mpaka sasa. Upanuzi wa milimita 10 hadi 12 huitwa mdogo, na watoto wengi wa kundi hilo, pasipo kasoro nyingine, hukua vizuri. Zaidi ya milimita 15 huitwa mkubwa na huelekea kwenye ugonjwa ambao watu huuita kichwa kikubwa, yaani haidrosefalasi. Tofauti ya milimita 11 na 16 ni pana sana kwa maisha ya familia, ilhali kwenye kioo ni upana wa mstari mmoja uliowekwa vizuri au vibaya, na hapa ndipo ripoti isiyo na namba, iliyoandikwa tu kwamba vyumba vimepanuka, inapaswa kurudishwa kwa aliyeiandika.

Habari hiyo ikipatikana mapema hubadilisha mipango. Kichwa kilichojaa maji huweza kuziba njia ya uzazi, na mama aliyepangiwa kujifungulia Mwanda anaweza kuhitaji kuwa Voi au Mombasa wiki kadhaa kabla, badala ya kushushwa usiku katikati ya uchungu. Mtoto naye huweza kupangiwa upasuaji. Katika Hospitali ya Kijabe, kaskazini-magharibi mwa Nairobi, shirika la BethanyKids limekuwa ikiwahudumia watoto wenye mgongo wazi na kichwa kikubwa, na huko Mbale, mashariki mwa Uganda, daktari Benjamin Warf katika hospitali ya watoto ya CURE aliendeleza upasuaji wa kuyafungulia maji njia mpya ndani ya ubongo na kuchoma sehemu ya koroidi, ili mtoto asitegemee mrija unaoweza kuziba akiwa kijijini mbali na daktari. Kazi ya Mbale ilifichua pia jambo linaloweka mipaka ya altrasaundi ya mimba: zaidi ya nusu ya watoto wenye kichwa kikubwa waliopelekwa huko walikuwa wamepata maambukizi baada ya kuzaliwa, aghalabu katika mwezi wa kwanza. Vichwa vyao havikuwa na kasoro yoyote ya kuonekana tumboni. Kwa watoto hao kinga ni usafi wa kitovu na wa mikono, na kumfikisha upesi kituoni mtoto mchanga mwenye homa, mambo yasiyohitaji mashine.

Anensefali ni habari nzito zaidi, kwa kuwa mtoto hawezi kuishi, na huonekana kati ya wiki ya 11 na ya 14 ikiwa mpimaji anaangalia kama fuvu limefunga mviringo wake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 26(4), hairuhusu utoaji wa mimba isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Ibara hiyo haitaji hali ya mtoto. Familia iliyopewa habari hiyo, basi, hustahili mazungumzo ya utulivu na daktari kuhusu afya ya mama mwenyewe, akili yake ikiwemo, na si karatasi ya Kiingereza inayosomwa kwenye matatu wakati wa kupanda mlima.

Mashine zimekuwa rahisi kupatikana kuliko watu wa kuzisoma. Kuanzia mwaka 2015 serikali ya Kenya ilikodi vifaa, vya kupiga picha vikiwemo, kwa hospitali mbili za kila kaunti, na mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Kenyatta kilishiriki katika kuwafundisha mamia ya wakunga kutumia probu ndogo zinazounganishwa na simu. Mwaka huohuo watafiti wa Zambia na Marekani walichapisha programu inayokadiria umri wa mimba baada ya mtu asiye mtaalamu kupitisha probu tumboni kwa mistari iliyopangwa, na mwaka 2023 Google ilitangaza ushirikiano na Jacaranda Health ya Kenya katika njia hiyohiyo. Kwa Mwanda vifaa hivyo vinafaa sana kwa kazi mbili, nazo ni kuuweka umri wa mimba sawasawa kabla mama hajachelewa, na kumtambua mwenye mapacha au kondo lililokaa chini. Havifai kuchukuliwa kuwa ukaguzi wa ubongo. Mkunga aliyefundishwa kwa wiki chache kuona mapigo ya moyo na kupima kichwa hajafundishwa kuitafuta kavumu, na kosa la mpango wowote litakuwa kumwandikia mama kwamba mtoto yu sawa, wakati kilichothibitishwa ni kwamba mtoto yu hai na ana wiki 19. Mpango wenye busara ungetumia probu ya mlimani kuchagua wiki, kisha ukamshusha mama Voi mara moja, katika wiki ya 20, kwa sonografa, yaani mtaalamu wa altrasaundi, mwenye muda wa kutosha.

Kuna pia kinga ambayo hutangulia picha yoyote. Mrija ambao hugeuka kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati mama wengi hawajajua kwamba wana mimba, na asidi ya foliki ndiyo inayopunguza hatari ya mrija huo kubaki wazi. Vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki vina asidi hiyo, lakini kwa mama anayeanza kliniki mwezi wa tano vimefika miezi kadhaa baada ya mrija kufunga au kushindwa kufunga. Kwa sababu hiyo Kenya iliamuru mwaka 2012 kwamba unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwenye pakiti uongezwe virutubisho, foliki ikiwa mojawapo, nayo ni sheria nzuri inayoishia dukani. Familia inayovuna mahindi yake milimani na kuyapeleka kwenye kinu cha posho hula ugali usioongezwa chochote. Maharagwe na mboga za majani, ambazo wakulima wa milima ya Taita huzilima kwa wingi na kuzishusha hadi masoko ya Voi na Mombasa, zina foliki yake, ingawa kuchemsha kwa muda mrefu huipunguza. Mwanamke anayetarajia kupata mimba huhitaji kidonge cha mikrogramu 400 kila siku juu ya chakula hicho, na anayetumia dawa ya kifafa ya valproate, inayojulikana kuongeza hatari ya kasoro hizi, anapaswa kuonana na daktari kabla ya kushika mimba, bila kuiacha dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Kwa mwanamke aliyekwisha kumzaa mtoto mwenye mgongo wazi au anensefali, kiwango ni kingine. Utafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, uliochapishwa mwaka 1991, ulionyesha kwamba miligramu 4 za asidi ya foliki kwa siku, zikianzwa kabla ya mimba kutungwa, zilipunguza kujirudia kwa kasoro hiyo kwa asilimia 72. Mwanamke huyo anapaswa kuandikiwa dozi hiyo kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, na kijitabu chake cha kliniki kiandikwe wazi kwamba mimba ijayo ipimwe mara mbili: mara ya kwanza wiki ya 12, fuvu likaguliwe kama limefunga, na mara ya pili wiki ya 20, kisogo kitazamwe.